Mwaka Niliofundishwa Ajizi

Bi Mize alipofariki mimi niliambiwa karibu wa mwisho, na sikuona ajabu, kwa kuwa sikuwa ndugu yake. Nilikuwa mtoto wa kuletwa, niliyekaa nyumbani kwake Jadida, huko Wete, mwaka mmoja wa skuli kisha nikaondoka. Sisi tuna majina ya kila udugu, wifi na mkoi na mavyaa, lakini mtu aliyekulaza na kukulisha mwaka mmoja tu hana jina. Kijana wa jirani ndiye aliyenipigia simu. "Bi Raya," akasema, "yule bibi yako kaondoka leo alfajiri, washamzika." Nilikuwa darasani, hapa Unguja, chaki mkononi, nimewapa mgongo wanafunzi wa kidato cha tatu. Nilimaliza kipindi. Wanaonijua husema mimi ni mgumu wa machozi, na wanaonijua zaidi husema ni mkavu tu. Nilikwenda chooni nikalia nikanawa, kisha nikaenda kukata tiketi ya boti. Safari nzima ya kwenda Wete sikuwa nikimfikiria Bi Mize maiti, nilikuwa nikimfikiria vile alivyokuwa mwaka ule, na neno moja la fizikia ambalo nalifundisha mpaka leo na kila nikilifikia sauti yangu hubadilika kidogo. Wanafunzi hudhani ni mafua.

Nilikuja kwake kutoka Kiuyu nikiwa na sanduku la bati na mto. Nani alinileta na kwa nini si habari ya leo, inatosha kwamba masomo ya sayansi yalikuwa Wete na Bi Mize alikuwa na chumba. Chumba chenyewe kilikuwa cha mwanawe, Hamadi, aliyekwenda Maskati kutafuta maisha miaka kadhaa kabla sijafika. Bi Mize alinifungulia mlango, akasimama kizingitini asiingie, akasema, "Lala, mwanangu, soma, lakini usigeuze kitu. Akija asione chake kimehama." Kulikuwa na kitanda cha mbao kimeegeshwa ukuta usio na dirisha, ilhali dirisha liko upande wa pili na upepo wote uko huko. Chini ya kitanda kulikuwa na viatu vyeusi vimeelekezwa mlangoni, tayari kwa kutoka. Ukutani kalenda ilikuwa imesimama kwenye mwezi aliosafiri, na chupa ya mafuta ya nywele ilikuwa juu ya kabati, mafuta yameganda nusu. Kila Ijumaa Bi Mize aliingia na kitambaa kibichi, akakiinua kila kitu, akafuta chini yake, akakirudisha palepale. Nguo zangu zilikaa ndani ya sanduku mwaka mzima. Nilikuwa na miaka kumi na sita, na nililala katika joto la chumba kile nikihisi kwamba hata pumzi zangu zinachukua nafasi ya mtu. Nilikuwa mpweke. Nalisema bila ya kulizunguka kwa sababu wakati ule sikuweza kulisema, na asiyelisema humla ndani kwa ndani.

Chakula alipika cha watu watatu. Tukila mchana, mimi na yeye kwenye mkeka ukumbini, wali na mchuzi wa changu au muhogo wa nazi, sahani ya tatu ilikuwa imepakuliwa kwanza kabla ya zetu na kufunikwa kwa kawa, ile ya ukili mwekundu aliyoisuka mwenyewe. Haikuguswa mpaka usiku upite. Asubuhi ikawa mwiku wangu, naipasha moto naila na chai kabla ya kwenda skuli. Basi mwaka mzima nilikula chakula cha mtu nisiyemjua, na nilijua tabia zake za kula kuliko nilivyojua za baba yangu: hapendi mifupa, samaki wake ni mkia, pilipili iwekwe pembeni. Bi Mize hakuwa mtu wa huzuni, mtu asimdhanie hivyo. Alikuwa mcheshi, mpenda kutaniana, na ulimi wake mkali. Siku ya kwanza nilipobakisha wali aliniuliza kama Kiuyu watu hula kwa kunusa.

Uani palikuwa na gari ya Hamadi. Ilikuwa pikapu ya buluu aliyokuwa akibebea karafuu na mizigo ya watu, na alipoondoka aliielekeza mbele ya ua, akaweka mawe mawili mbele ya magurudumu, akamwambia mama yake isiondoke pale mpaka arudi. Nyumba ilikuwa juu ya mtelemko. Mbele ya ua kulikuwa na kipande cha mihogo, chini ya mihogo bonde la mpunga. Gari hiyo ilikuwa haiendi, injini ilishakufa, lakini kila ikikaribia Ramadhani Bi Mize alimwita fundi aje ajaze mipira upepo. Kuku walitaga chini yake. Watoto wa mtaa waliruhusiwa kucheza nyuma kwenye bodi, ila mbele, kwenye kiti cha dereva, hakai mtu. Hiyo ilikuwa sheria na kila mtu Jadida aliijua. Fundi mwenyewe alipotaka kujaribu usukani aliinama dirishani akaushika kwa nje.

Skuli tulikuwa na mwalimu mmoja wa fizikia, Mwalimu Fidelis, kijana kutoka bara, Mkristo, aliyekuwa na miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Maabara hatukuwa nayo. Alikuwa na gilasi, kipande cha kadi na sarafu, na kwa vitu hivyo vitatu alitufundisha nusu ya mwaka. Siku ile aliweka kadi juu ya gilasi na sarafu juu ya kadi, akaifyatua kadi kwa kidole. Kadi ikaruka, sarafu ikadondoka ndani ya gilasi. "Mmeona, eeh? Kadi imeondoka. Sarafu imekataa kwenda nayo. Kitu kilichotulia hutaka kutulia, mpaka kani ije kutoka nje ikiondoe." Akageukia ubao akaandika neno la Kiingereza, inesha tukilitamka, na kwa kuwa alipenda tuelewe kwa lugha yetu, mbele yake akaandika la Kiswahili alilolikuta kwenye kamusi: ajizi. Darasa likacheka. Mwalimu akadhani amekosea herufi. Khatib, aliyekuwa akikaa mbele na aliyekuwa amehifadhi juzuu nyingi kuliko sote, akanyoosha mkono. "Mwalimu, samahani. Siye kila asubuhi chuoni twaomba dua Mola atukinge na ajizi na uvivu. Weye leo wasema kila kitu Mola alichokiumba kina ajizi?" Mwalimu Fidelis akamtazama, akautazama ubao. "Kila kitu," akasema pole pole. "Hata wewe, Khatib. Jiwe, gari, nyota." Khatib akafikiri. "Basi na kile kinachokwenda? Kitabuni waliandika kitu kinachokwenda hutaka kuendelea kwenda. Mtu asiyesimama ataitwaje ajizi? Ajizi ni wa kukaa." Darasa likaanguka kwa kicheko. Mwalimu naye akacheka, lakini niliona limemshika. "Ni kitu kimoja," akasema. "Sijui niwaambieje kwa Kiswahili. Kukataa kuanza na kukataa kuacha ni kitu kimoja." Hakuna aliyemwamini, hata mimi, niliyeandika kila alilosema.

Jioni nilimhadithia Bi Mize wakati akikuna nazi. Alisimamisha mkono. "Ajizi nyumba ya njaa," akasema. "Huyo mwalimu wenu ana mke?" Nikamwambia hana, yuko peke yake nyumba za walimu. "Ndo maana. Mtu hana wa kumpikia akakaa kusema mawe yana uvivu." Akarudi kwenye mbuzi yake akakuna, kisha akaniuliza bila ya kuinua kichwa, "Asema gari ya Hamadi nayo ni ajizi?" Nikasema ndiyo, ni mfano mzuri kabisa, imetulia na itatulia mpaka itokee kani kutoka nje. "Haya," akasema. "Mwambie gari hino haikutulia, yangoja. Kungoja si kutulia." Wakati ule nililiona ni neno la mama tu, la kuringia mwanawe, nikacheka.

Nilisikia nisilotakiwa kusikia mwanzo wa masika. Jirani yetu alikuwa Bi Mwanaisha, na baina ya ua wake na wetu kulikuwa na kiambaza cha makuti yaliyooza nusu, na kando yake ndiko nilikokuwa nikikaa kusoma baada ya Laasiri kwa sababu ya kivuli. Alikuwa na mgeni, mwanamke ambaye mumewe alikuwa amerudi kutoka Maskati. Niliwasikia wakichambua mchele, punje zikigonga ungo. "Kamwona?" Bi Mwanaisha akauliza. "Kamwona kwa macho. Kaoa huko, watoto watatu, wa kwanza washamtia skuli." "Hamadi?" "Hamadi huyuhuyu. Huko ndo kwao sasa, shoga yangu. Harudi." Wakapepeta. Kisha Bi Mwanaisha akasema, kwa sauti ya chini ambayo kwa hivyo niliisikia vizuri zaidi, "Mamaake asiambiwe. Atakufa." "Nani atamwambia? Mtaa mzima washajua, nani kamwambia?"

Nilikaa na kitabu mapajani. Mvua ilikuwa inakuja, nikasikia Bi Mize akiniita nianue nguo, nikaenda kuanua nguo. Usiku ule alipopakua sahani ya tatu sikuweza kumtazama. Nilielewa ghafla kwa nini wanawake wa mtaa walipokuja kwake waliongea haraka na juu ya vitu vidogo vidogo, bei ya sukari, mafua ya watoto, na kwa nini hakuna hata mmoja aliyewahi kusema jina la Hamadi mbele yake ila yeye mwenyewe alitaje kwanza. Wote walikuwa wakilizunguka shimo. Sasa na mimi nililizunguka, na nilikuwa peke yangu humo ndani pamoja naye, kila mlo. Kabla ya hapo nilikuwa mpweke kwa sababu sikuwa na mtu. Kuanzia hapo nilikuwa mpweke kwa sababu nilikuwa na jambo. Nawaambia wanafunzi wangu wakubwa, wanaponijia na mapenzi yao, kwamba huo wa pili ndio mbaya. Asubuhi nikala mwiku wa Hamadi na ulikuwa na ladha ileile.

Mvua zilipopungua akaja sheha. Bomba la maji lilikuwa lipitishwe mtaani na mtaro wake ulikuwa upite hasa pale ilipokaa pikapu. Alikuja na adabu zote, akakaa barazani, akanywa kahawa, akasema, "Bi Mize, twaomba hiyo gari isogee kidogo." "Haisogei," Bi Mize akasema. Akaja tena, akaja na wazee wawili. Bi Mize akawakirimu vileja na halua, akakataa. Mara ya tatu Bi Mwanaisha alilia mbele yake kwamba anachota maji mbali na magoti yamemwisha, na hilo ndilo lililomshinda Bi Mize, si sheha. "Hatua mbili," akasema. "Mbele hatua mbili, zisizidi. Na kiti hakai mtu." Kisha akanigeukia mimi. "Raya, weye una wenzio skuli wamekula wakashiba. Waite."

Nilimwambia Mwalimu Fidelis, na sijawahi kumwona mtu akifurahi vile kwa kuitwa kusukuma gari. Alikuja Jumamosi asubuhi na wavulana wote wa darasa, amevaa shati lake la kanisani. Bi Mize alimwangalia kutoka juu mpaka chini. "Weye ndo wa mawe mavivu?" "Shikamoo, mama. Ndiye mimi." "Marahaba. Kula kwanza." Akamlisha mkate wa kumimina mpaka akashindwa kusema. Baadaye tukatoka uani. Mwalimu alizunguka gari, akaupima mtelemko kwa macho, nikaona uso wake unabadilika. Aliuliza nani atakaa ndani ashike breki. Wavulana wakamtazama Bi Mize. Akauliza tena, na Khatib akamnong'oneza. Mwalimu akamwendea Bi Mize, akasema kwa heshima, "Mama, ikianza kwenda tutahitaji mtu wa kuizuia." "Hatua mbili tu, mwanangu. Haiendi safari." "Ndiyo, mama, lakini gari yenyewe haitajua kwamba ni mbili." Bi Mize akatikisa kichwa. "Hakai mtu." Na hapo mwalimu wetu aliyejua kila kitu juu ya jambo lile, mgeni, amekula mkate wa mwenyeji, mbele ya mama wa watu, alifanya ambalo mtu yeyote aliyelelewa angefanya. Alinyamaza. Akachukua yale mawe mawili, akayahamisha hatua mbili mbele, akayakanyaga kuyakaza. "Yatatosha," akasema, na akaitoa miwani akaifuta.

Wavulana wakainama nyuma ya bodi. "Bismillahi," Khatib akasema, wakasukuma. Gari haikutikisika. Wakasukuma tena, shingo zimewavimba, miguu inachimba udongo, wapi. "Mnaona?" Mwalimu akapiga kelele, amesahau hofu yake. "Mwanzo ndio mgumu! Msuguano na ajizi, vyote viwili vinawapinga! Tikiseni, mbele, nyuma!" Wakaitikisa. Kitu kikalia chini, kutu ikaachana na kutu, na gari ya Hamadi ikasogea upana wa kiganja. Wavulana wakapiga ukelele. Kuku wakakimbia. Ikasogea tena, na sasa ilikuwa nyepesi, niliona kwa macho yangu jinsi mikono ilivyokuwa inatoa nguvu ndogo zaidi na gari inakwenda zaidi, na wale wavulana, kwa raha ya kushinda, wakazidi kusukuma. "Basi!" Mwalimu akasema. "Basi! Acheni!" Wakaacha. Gari haikuacha. Ilifika kwenye mawe, ikaruka moja, ikalisukuma la pili mbele yake, ikainamisha pua. "Breki!" mtu akapiga kelele, na sote tukakitazama kile kiti kitupu. Ilipita katika mihogo ikiilaza, ikapita baina ya minazi miwili ambayo ungesema imepimwa, ikashuka mpaka bondeni, na matope ya mpunga yakaipokea mpaka nusu ya magurudumu. Hapo ndipo iliposimama. Hakuna aliyeumia. Bata mmoja alikuwa akilalamika peke yake huko chini.

Bi Mize alikuwa amesimama mlango wa uani, kanga mdomoni. Niliogopa kumtazama, nikamtazama. Alianza kutembea. Alipita mbele ya Mwalimu Fidelis bila ya kumwona, akashuka katikati ya mihogo iliyovunjika, na alipofika bondeni hakuvua viatu, akaingia matopeni navyo. Akaufungua mlango wa pikapu. Akapanda, akakaa kwenye kiti cha dereva. Tulisubiri. Mwisho Mwalimu akanisukuma bega kidogo, nikashuka mimi, nikazunguka upande wa pili, nikakaa kando yake. Ndani kulinuka karafuu bado. Alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili na anatazama mpunga mbele ya kioo.

"Nalijua," akasema. Sikuuliza nini. "Toka mwaka wa pili nalijua. Maskati si mbinguni, mwanangu, watu huenda wakarudi. Mtu katoka huko, kaja kunamkia, hanitazami usoni. Wa pili vivyo hivyo. Sikutaka kuambiwa zaidi." Nikamwuliza kwa nini basi bado anampikia. Akaufuta usukani vumbi kwa kanga. "Nilianza, sikujua pa kuwachia. Siku ya kwanza wampikia mtu hayupo kwa kuwa wampenda. Na ya pili. Kisha mkono wenda wenyewe. Asubuhi birika lishakaa motoni, maji ya watu watatu yamo, miye hata Bismillahi sijasema. Mlinionea huruma nyote. Hapana hata mmoja aliyenambia, Mize, basi." Akaupiga usukani kwa kiganja, si kwa nguvu. "Basi. Neno dogo hilo." Kisha akalia, na alilia vibaya, kwa sauti, kichwa kimeegemea usukani, na mimi niliyekuwa sijaguswa na mtu tangu nitoke kwetu nilimkumbatia kwa ubavu, nikalia naye. Nililia yangu. Sidhani alijua, au pengine alijua, kwa sababu mkono wake mmoja uliacha usukani ukanishika kichwa.

Nimefundisha somo lile kwa miaka mingi, na kila darasa lina Khatib wake anayeuliza jinsi kitu kinachokwenda kinavyoweza kuitwa ajizi. Nawapa jibu la kitabu. Mwaka ule wote nilimdhania Bi Mize ni kitu kilichotulia, mawe mbele ya magurudumu, kalenda imesimama. Kumbe alikuwa akienda. Alikuwa amesukumwa siku moja, siku ya kuagana, na tangu hapo alikuwa akienda kwa mwendo uleule na njia ileile, na sisi sote tuliomzunguka tulikuwa na adabu nyingi mno hata tukaondosha kila kitu ambacho kingemgusa na kumsimamisha.

Jioni ile wanawake walianza kuja. Walikuja na vyungu, kama wanavyokuja kwenye msiba, na mlangoni wakakwama, maana mtu wa kupewa pole alikuwa nani? Hamadi alikuwa hai na ana watoto watatu. Bi Mwanaisha ndiye aliyepata njia. Aliingia, akakaa kwenye mkeka karibu na Bi Mize, akamshika mkono, akasema, "Pole kwa gari, shoga." "Nishapoa," Bi Mize akasema. Akaingia wa pili, pole kwa gari. Siku tatu watu walikuja kutoa pole kwa gari, wengine mpaka kutoka Wingwi, wanawake wazima wakifuta machozi kwa ajili ya pikapu, na hakuna aliyecheka. Sheha alikuja kumkaripia Mwalimu Fidelis, akamkuta barazani ameletewa kahawa, akaghairi. Mwalimu alikuwa akirudia neno moja kwa kila mtu aliyekaa naye: "Nilijua. Nilijua kabisa, na nikaona aibu kusema." Siku ya nne Bi Mize akapika cha watu wawili. Akaniita kutoka chumbani, akasema kitanda kile kikae chini ya dirisha, mtu atakufa kwa joto. Tukakihamisha sisi wawili, naye akalalamika muda wote kwamba sina nguvu.

Sitaki mtu afikiri baada ya hapo tulikuwa na furaha. Bi Mize alinyong'onyea miezi mingi, utani ukampungua, na siku nyingine nilimkuta amesimama jikoni na sahani mkononi hajui aende wapi. Mwalimu Fidelis alihamishiwa bara kabla ya mtihani, na darasa letu likamaliza mwaka bila ya mwalimu. Mimi nilibaki mpweke, lakini sasa tulikuwa wapweke wawili na kila mmoja anajua wa mwenziwe, nayo si haba. Mwaka ulipokwisha nikaenda Unguja kusoma. Nilirudi kumwona kila nilipoweza, na tangu siku ile ya bondeni mpaka nilipomwona mara ya mwisho sikumsikia hata siku moja akisema, akija Hamadi.

Basi juzi nilifika Jadida siku ya hitma. Nilikuwa uani na wanawake tunapakua wali aliposhuka mzee mmoja kwenye gari ya kukodi, kanzu yake ya Kimanga, ndevu nyeupe, fimbo, na uso wa Bi Mize. Hakuna aliyehitaji kuuliza. Watu walimpisha, akakaa barazani. Nikampelekea kahawa mimi, kwa kuwa sikuwa ndugu na nisingekuwa na haki ya kumkasirikia. Akaniangalia. "Weye ndo Raya? Uliyelala chumbani kwangu?" Nikasema ndiye. Akashika kikombe asinywe. "Aliningoja?"

Nilikuwa na majibu mawili, na moja lilikuwa la adabu. "Alikungoja," nikasema. "Kisha aliacha."

"Lini?"

"Zamani. Nilikuwa bado msichana. Alistarehe baadaye, usihofu."

Alitikisa kichwa kwa muda mrefu, machozi yakishuka ndani ya ndevu. "Miye sikuacha," akasema. "Kila mwaka nikisema mwakani. Wallahi, kila mwaka." Nikamwambia kaburi haliko mbali, ni nyuma ya msikiti, vijana watampeleka sasa hivi kabla watu hawajaanza kusoma. Wakaja vijana wawili wakasimama mbele yake.

"Naja," akasema Hamadi, na hakuinuka. Wakamngoja. "Naja," akasema tena, ameishika fimbo kwa mikono miwili, na vijana, kwa adabu, wakaendelea kumngoja.